Sauti ya Ndani ya Bomba, Albert Park

Ofisini mmeniaga kwa keki na saa ya ukutani. Kumpa saa fundi sauti aliyestaafu ni kama kumpa mwoka mikate boflo, lakini nimeipokea kwa moyo mweupe na nimeitundika jikoni, mbali na kitanda, kwa sababu inalia.

Ninyi mliobaki kwenye chumba cha sauti mmeniuliza mara nyingi nilijifunzia wapi kazi hii. Mara zote nilijibu "kazini", kisha nikawaambia mfunge mlango. Sasa sina mlango wa kufunga, kwa hiyo naweza kujibu kwa urefu. Vyeo nitaviruka, na mishahara pia. Vyote viwili vilikuwa vifupi.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa baba mkubwa, Shabani, fundi redio wa Tanga. Hakunipa bisibisi mpaka nilipoweza kumwambia ugonjwa wa redio kwa kuisikiliza tu, ikiwa bado imefungwa. Alikuwa akisema, "Redio mbovu hujieleza yenyewe. Wewe unaharakia wapi?" Kiingereza nilijifunza kwenye vitabu vya mwongozo vilivyokuja na mashine, na ndiyo maana hadi leo nikizungumza Kiingereza watu husubiri niwaonye kuhusu umeme.

Nilifika Durban mwishoni mwa miaka ya tisini, nikimfuata mume wangu Athumani, aliyekuwa mchomeleaji bandarini. Tulipanga fleti ya ghorofa ya nne Albert Park. Nikaweka meza dirishani, nikatundika karatasi mlangoni kusema kwamba hapa panatengenezwa redio na deki za video. Waliokuja wengi walikuwa Wakongo, na kwao nilijifunza kwamba Kiswahili changu, nilichodhani ni kizima, kilikuwa kipande tu. Mtu aliniletea redio akasema, "Mama, hii iko na sauti, ila haiko na mwili." Nikacheka. Nilipoiwasha, nikaona hakuna maelezo bora kuliko hayo: ilikuwa imepoteza sauti zote nzito.

Katika wateja wale alikuwamo Papa Modeste wa ghorofa ya sita, mtu wa Lubumbashi, mwenye shati lililopigwa pasi hata akienda kutupa taka. Alinitazama nikisafisha kichwa cha deki yake kwa pamba na spiriti, akauliza kama naweza kufuta sauti ya filamu nikaweka nyingine. Nikasema sijawahi, lakini sioni kwa nini isiwezekane. Akasema, "Basi, Mama Rehema, kesho uko na kazi."

Siku ya kwanza nilikuta studio yake ya kutia filamu sauti za Kiswahili, huko ghorofa ya sita, ikiwa ni chumba cha kulala kisicho na kitanda. Magodoro yalikuwa yamesimamishwa ukutani, na trei za mayai zimebandikwa darini. Palikuwa na deki mbili, televisheni, kinasa cha kaseti chenye njia nne za sauti, maikrofoni mbili, na hedifoni moja iliyofungwa kwa utepe. Dirisha lilizibwa kwa blanketi. Feni ilikuwapo, lakini tulipoanza kurekodi iliruhusiwa kututazama tu, kwa sababu maikrofoni husikia feni kabla ya kumsikia mtu. Wanaoijua Februari ya Durban wataelewa. Papa Modeste peke yake hakuvua shati.

Tulianza na filamu za dini na michezo ya ndoa. Nilijifunza mambo ambayo hamhitaji tena, na machache ambayo bado mnayahitaji. Mtia sauti avue bangili. Asinywe maziwa. Akiwa na njaa mpe mkate, kwa sababu tumbo tupu linaongea, nalo halijui mstari wake. Anayecheza mtu anayekimbia akimbie papo hapo alipo kabla ya kusema, asiigize pumzi. Na mtu akikosea, usimwambie "umekosea". Mwambie "tena", basi.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Bwana Harith, mwenye duka la kanda za video mtaa wa Overport. Alizaliwa Durban, lakini kwao asili ni pwani ya Afrika Mashariki, vizazi vingi nyuma. Kiswahili alikipata kwa bibi yake, na alikitunza kama vyombo vya kabatini, vya kutolewa wageni wakija. Alikuwa na jamaa waliopeleka kanda Mombasa na Dar es Salaam. Alichokikubali yeye kilisafiri. Alichokikataa kilifutwa, na mkanda ukatumika tena.

Ndipo ikaja ile filamu ya Kifaransa.

Papa Modeste aliipata kwa binamu yake wa Paris. Ilikuwa filamu ya mzuka, iliyotengenezwa na watu waliokuwa na chumba kimoja, taa mbili na waigizaji wasio na haraka. Ndugu watatu wanashuka kwenye ghala la chini la marehemu baba yao kugawana mvinyo. Mlango mzito unajifunga nyuma yao, na ufunguo uko nje. Kuanzia hapo hatutoki tena humo ndani, wao wala sisi. Ukutani mna bomba kuukuu la chuma, na ndani ya bomba inatoka sauti ya mwanamke. Ndugu hao waliambiwa utotoni kwamba mke wa kwanza wa baba yao aliondoka. Taratibu wanatambua kwamba hakwenda popote: yumo nyuma ya ukuta huo. Swali la filamu nzima ni moja tu, wabomoe ukuta au wasibomoe.

Mzuka wenyewe hauonekani hata mara moja. Papa Modeste alisema ni sanaa. Mimi nilisema walikosa fedha ya mzuka. Pengine tulisema jambo lilelile. Lakini kwa fundi sauti ile ilikuwa zawadi, kwa kuwa kitisho chote kilikuwa sikioni.

Ugumu ulikuwa kwamba kanda yetu ilikuwa na sauti zote zimechanganywa pamoja. Ukifuta maneno ya Kifaransa unafuta pia maji yanayodondoka, matofali, nyayo na pumzi. Ilibidi tuvitengeneze vyote upya. Maji niliyapata kwa kukamua sifongo juu ya beseni la bati. Ukuta ulikuwa matofali mawili yakisuguana juu ya blanketi. Mlango mzito ulikuwa ubao wa kukatia nyama ukiburutwa sakafuni, sauti ikapunguzwa mwendo. Athumani, aliyezoea vyuma vya kweli, alitusikiliza akasema, "Kumbe nyumba nzima ni jiko."

Ndugu wa kwanza alikuwa Papa Modeste mwenyewe. Wa pili alikuwa Athumani, ambaye katika filamu anakufa mapema, na hilo lilimfaa kwa zamu zake za bandarini. Wa tatu, mdogo wao, alikuwa kinyozi mmoja Mkenya. Nilimwuliza Papa Modeste kama si ajabu ndugu wa baba mmoja kuzungumza mmoja kama Lubumbashi, mwingine kama Tanga, mwingine kama Nairobi.

"Baba yao alisafiri sana," akasema.

Ikabaki sauti ya bombani. Hiyo alipewa Feza.

Feza alikuwa msusi kwenye saluni ya mtaa wetu, mzaliwa wa Bukavu. Huko kwao alikuwa akisoma matangazo kanisani baada ya misa, ya ndoa na ya misiba, na watu wa parokia waliijua sauti yake kabla ya sura. Durban ilimnyamazisha. Saluni ilikuwa na wateja wengi kutoka Dar na Mombasa, na kila alipofungua kinywa walimrudishia neno lake kwa kicheko. "Eti 'minakuya' badala ya nakuja! Hebu rudia!" Nilipomfahamu mimi, alikuwa akifanya kazi siku nzima kwa kutikisa kichwa na kuonyesha kwa kidole. Papa Modeste alimsikia akiongoza sala kwenye ibada yao ya Kikongo, akamfuata mlangoni. Alimwahidi kwamba kanda hii ikipita kwa Bwana Harith, sauti zote za kike za studio zitakuwa zake. Feza aliniambia hilo siku alipokuja kujaribu maikrofoni, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua.

"Unakitaka kweli?" nikamwuliza.

"Nakitaka mpaka naogopa, Mama Rehema. Kule saluni banacheka. Hapa nikichekwa, njo itakuwa basi. Sitaongea tena mbele ya watu."

Mstari wa mzuka ulikuwa mmoja, ukirudiwa filamu nzima kwa namna tofauti: kwa kilio, kwa hasira, kwa kubembeleza. Papa Modeste aliutafsiri kutoka Kifaransa na Feza akausema hivi: "Munitoshe. Munitoshe humu."

Mimi Kifaransa sikukijua. Nilipousikia mara ya kwanza kwenye hedifoni, nywele zilinisimama. Kwetu Tanga, chakula kikitosha maana yake ni kiasi cha haja. Mwanamke aliyekufa, aliyekaa peke yake ukutani miaka yote, anawaambia ndugu watatu waliofungiwa naye: mnitoshe. Yaani nina njaa, na ninawapima. Nilimpongeza Papa Modeste kwa mstari huo, akainamisha kichwa kwa adabu kama mtu aliyezoea kusifiwa. Hakuna aliyefikiri kwamba tunazungumzia mambo mawili tofauti.

Sauti ya Feza ilikuwa nzuri lakini ilikuwa ya chumbani. Ilibidi iwe ya bombani. Nilijaribu ndoo, nikajaribu sufuria, sikuridhika. Mwishowe tulihamia bafuni. Nikachukua kipande kirefu cha bomba la plastiki la maji machafu, nikaweka maikrofoni upande mmoja, Feza akapiga magoti upande wa pili, karibu na tundu la hewa ukutani. Ikawa vizuri kupita kiasi. Sauti ilitoka ikiwa nyembamba, yenye unyevu, kama inayotokea mbali na kukufikia shingoni. Tulifanya kazi asubuhi, majirani wengi wakiwa makazini na barabara imetulia. Nilikuwa nimefikiria magari, mbwa, na mabomba ya vyoo. Sikufikiria kwamba tundu la hewa la bafu letu ni moja na la mabafu yote yaliyo chini yetu.

Tukiwa katikati ya kilio, mlango ukagongwa kwa ngumi. Papa Modeste akafungua. Nje alisimama Maman Clarisse wa ghorofa ya tano, mama wa Uvira mwenye mwili na sauti, kashika mchi wa kutwangia sombe, kisamvu chao.

"Papa Modeste! Iko muntu gani munafunga humu? Nasikia analiya ndani ya tiyo ya maji: munitoshe, munitoshe! Mwana ya watu! Mumutoshe sasa hivi!"

Kabla hatujajibu, nyuma yake akatokea Bi. Tatu, mjane wa Dar aliyeishi ghorofa hiyohiyo ya tano, mlango wa pili. Yeye alikuja na chetezo cha ubani, moshi ukimtangulia.

"Tena msinifungulie kitu!" akasema. "Mwacheni hukohuko aliko! Jini lenu lina njaa, Bwana Modeste. Limesema kwa mdomo wake, tumtosheleze. Mimi na wanangu tumeshapimwa!"

Maman Clarisse akamgeukia. "Njaa gani? Iko naomba kutoka!"

"Kutoka wapi? Kasema mnitoshe!"

"Njo hivyo! Munitoshe! Mutu anakufa mule!"

"Ndivyo! Na wewe ulivyo, Maman Clarisse, utamtosha peke yako, sisi wengine tusalimike!"

Maman Clarisse akainua mchi. Nikaingia kati na hedifoni shingoni, nikawaomba waje waone. Feza alikuwa bado amepiga magoti sakafuni, kitambaa kichwani, kashika mwisho wa bomba kama mtu anayepuliza moto. Bi. Tatu akamtazama, akatazama bomba, akaweka chetezo juu ya sinki.

"Mwanangu, ni wewe?"

Feza akatikisa kichwa kukubali.

Hapo ndipo nilipomwuliza Papa Modeste mstari ule unasemaje kwa Kifaransa. Akanieleza polepole. Mwanamke anasema: nitoeni humu. Kwao, kutosha ni kutoa. Unatosha sufuria motoni, unatosha mtoto majini, na mchungaji anatosha pepo. Njaa haikuwamo. Nikamweleza maana ya kwetu. Papa Modeste alicheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea, na shati likalowa. Wale mama wawili nao walishuka ngazi wakicheka na kusukumana. Ubani ulibaki kwetu, na nilirekodi tena mara kadhaa kwa sababu Athumani alikuwa akikohoa.

Feza hakucheka. Alikuwa amesikia vicheko vitatu kwa wakati mmoja, na hakuvigawa kulingana na nani anacheka nini. Alikunja kitambaa chake, akasema, "Basi Bwana Harith atakataa."

Jengo letu halikuwa na siri. Habari ya jini la ghorofa ya sita ilifika Overport kabla ya kanda. Bwana Harith alikuja mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti pekee. Nilimwekea dakika chache. Alisikiliza kwa makini akiwa amefumba macho, na lazima niseme alikuwa msikilizaji mzuri.

"Sauti ni nzuri," alisema. "Neno si neno. Andika 'nitoeni'. Na kwa faida ya dada huyu mwenyewe, tafuteni mwanamke wa Mombasa. Iko hatari watu wakicheka kwenye filamu ya kutisha. Wakicheka mara moja, mzuka umekufa."

"Ni mzuka, Bwana Harith," Papa Modeste akasema. "Ameshakufa."

"Umenielewa, bwana."

Alikuwa na sababu. Kanda ile ilikuwa iende pwani, na watu wa pwani hawasamehe neno. Nilitaka kusema kwamba yeye mwenyewe alikuwa amesema "iko hatari", jambo ambalo pwani nako lingeulizwa lilikotoka, lakini si kila sauti inayosikika hurekodiwa.

Feza alikuwa amesimama karibu na godoro. Nilidhani atatikisa kichwa na kwenda zake. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Bwana Harith. Mutu mwenye alifungwa hasemake kama kitabu. Anasema neno ya kwanza yenye iko mu kinywa."

Bwana Harith akamtazama. Nadhani hakutarajia kujibiwa na mzuka.

"Na wasipokuelewa, dada?"

"Bi. Tatu hakunielewa. Alikuja mbio na moto."

Papa Modeste aliona nafasi akaingia nayo. Alipendekeza tuionyeshe filamu Jumamosi mchana, hapohapo jengoni, kwa watu wa kila namna, Bwana Harith awe amekaa nyuma. Bwana Harith alifikiri, kisha akaweka sharti lake wazi mbele yetu wote: watu wakilicheka lile neno, linafutwa, na anatafutwa mtu mwingine. Wasipolicheka, linabaki na aliyelisema. Alimtazama Feza, siyo Papa Modeste. "Umekubali?"

"Nimekubali."

Siku zilizobaki nilifanya kazi ya uaminifu na kuacha kazi ya huruma. Mnanielewa. Ningeweza kulifunika lile neno kwa maji na upepo lisisikike vizuri, na kila mtu angesalimika. Badala yake nilipunguza maji. Kama lilikuwa la kuchekwa, lichekwe likiwa safi. Feza aliniona nikifanya hivyo, akaniuliza kwa nini. Nikamwambia sauti iliyofichwa haikubaliwi wala haikataliwi, inapita tu. Aliniomba arudie mstari wa mwisho kabisa, ule wa ukuta ukishabomoka. Tukaurudia mpaka jasho likamwisha.

Jumamosi tulitumia chumba cha chini kilichokuwa cha kufulia nguo. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi, viti vikatoka saluni, televisheni ikapandishwa juu ya masinki. Walijaa. Kulikuwa na wasusi, wauza simu, madereva, mama wenye watoto waliokatazwa kuja wakaja. Maman Clarisse alikaa mstari wa mbele na Bi. Tatu ubavuni, kwa kuwa hakuna aliyetaka mwenzake aone kwanza. Bwana Harith alisimama nyuma, mikono mgongoni. Feza alikaa sakafuni karibu na mashine yangu, mahali ambapo hakuna aliyemwona.

Mlango wa ghala ukajifunga kwenye skrini. Watu wakaguna. Ndugu wakaanza kulaumiana kwa Kiswahili cha aina tatu, na mtu mmoja akapaza sauti, "Hawa mama zao wangapi?" Wakacheka, nami nikamwona Feza akishika vidole vya miguu. Lakini kicheko hicho hakikuwa chake.

Kisha bomba likasema: "Munitoshe."

Halafu kijana mmoja wa Dar, muuza simu, akatoa kicheko cha puani. "Anasema nini huyu? Eish! Mzuka wa Kongo!" Wawili watatu wakaanza kumfuata. Nyuma yangu nilisikia Bwana Harith akivuta pumzi.

Maman Clarisse akageuka na kiti kizima. "Unacheka nini, weye? Mama ya watu anafungwa ukutani, unacheka? Anaomba bamutoshe!"

"Hapana!" Bi. Tatu naye akageuka. "Usimsikilize huyu. Mwanangu, yule hafai kufunguliwa. Kasema mnitoshe. Ni watatu, anawataka wote watatu."

Yule kijana akafunga mdomo. Nilimwona akitazama bomba upya, safari hii bila meno nje.

Kuanzia hapo chumba kiligawanyika. Kila sauti ilipotoka bombani, nusu ya watu walimhurumia na nusu walimwogopa. Ndugu mdogo alipoanza kugonga ukuta, Wakongo walimhimiza. "Bomoa! Ongeza! Mutoshe mama!" Na watu wa pwani wakamzuia kana kwamba anasikia. "Acha, wee! Acha nyundo! Unamtosha nini wewe, mwenyewe mwembamba!" Mama mmoja aliinuka aende zake, akafika mlangoni, akarudi. Athumani alikufa pale alipopaswa kufa na hakuna aliyemjali, jambo lililomuuma kidogo.

Ukuta ukaanguka. Matofali yangu mawili yalifanya kazi yao. Nyuma ya ukuta hapakuwa na mtu. Shimo tupu, bomba limenyamaza. Ndugu mdogo akageuka, akatutazama, akafumbua kinywa chake, na ndani ya kinywa cha yule mwanamume ikatoka sauti ya Feza, ndogo, iliyochoka, bila kilio:

"Munitoshe."

Skrini ikawa nyeusi.

Hakuna aliyecheka. Maman Clarisse akamshika Bi. Tatu mkono, akanong'ona kwa sauti iliyofika nyuma kabisa, "Sasa huyu anaomba kutoka, ao anakula?" Na Bi. Tatu akasema, "Dada yangu, usiniulize. Twende juu wote wawili. Mimi bafuni siingii peke yangu."

Watu walitoka wakibishana. Kwenye ngazi walisikika bado, ghorofa ya pili, ya tatu, kila mmoja akimweleza mwenzake maana ya neno ambalo wote waliliogopa. Yule kijana muuza simu alipita karibu na mashine, akamwona Feza sakafuni, akamwuliza kama yeye ndiye. Alipotikisa kichwa kukubali, kijana akasema, "Shikamoo," ingawa walikuwa rika moja, akaondoka.

Bwana Harith aliomba maji. Alikunywa bilauri nzima akiwa amesimama. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kabatini, "Mtu asiliguse neno lile." Akamgeukia Feza. "Dada, mwanzoni mwa kanda natia tangazo, la kuwaambia watu wanatazama nini na nani wametia sauti. Siku zote nasoma mimi. Hili utasoma wewe."

"Kwa Kiswahili gani, Bwana Harith?"

Alifikiri. "Chenye kiko kinywani," akasema, na sijui kama alijua kwamba anamwiga au limemtoka tu.

Tulirekodi Jumatatu asubuhi. Chumbani, bila bomba, bila bafu. Nilimpa Feza maji ya uvuguvugu, nikahakikisha hana bangili, nikavaa hedifoni na kuweka kipimo juu, pale nilipokuwa nimezoea kukiweka kwa ajili yake. Papa Modeste alisimama mlangoni na shati lake. Nikainua kidole, nikakishusha.

Feza akavuta pumzi kama mtu aliye mbele ya parokia nzima, akasema filamu ni ya nini, akawataja ndugu watatu na waliowatia sauti, akamtaja fundi wa maji na matofali, kisha akalitaja jina lake, lote, na mji wake. Mshale wa kipimo ukaruka hadi kwenye nyekundu, alama ya sauti iliyozidi. Nilimwonyesha kwa mkono aache kwanza, nikasema, "Tena." Halafu nikashika kitufe, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nikaishusha sauti yake.